Sungura Aliyetupwa Jaani

Nilipokuwa mtoto sikuona haya hata kidogo kwamba niliokotwa jaani. Mtaa wetu mzima pale Temeke ulijua. Ndugu zangu wawili walionitangulia walikufa kabla hawajaanza kutambaa, basi mimi nilipozaliwa, bibi yangu mzaa baba alinifunga kwenye kanga kuukuu, akaenda kunilaza kwenye jaa nyuma ya nyumba, penye majivu na maganda ya mihogo. Jirani aliyepangwa apite hapo akaniokota, akabisha hodi kwetu na kumwambia mama ameokota takataka, kama anaitaka ampe pumba za kulishia kuku. Mama akatoa pumba, nikarudi ndani na jina jipya, Mtupeni. Balaa lililokuwa likifuata watoto wa nyumba ile likaonyeshwa kwamba hapa hakuna mtoto, kuna uchafu tu. Nikaishi, nikanenepa, nikawa mkaidi.

Zama hizo za Waingereza baba alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja huko Kurasini. Mzungu alipohamishwa, baba alirudi nyumbani na kapu, na ndani yake mlikuwa na sungura mweupe wa kufugwa. Kwetu sungura tulimjua wa hadithi, yule mjanja. Huyu hakuwa na ujanja wowote. Nilimwita Bwana Shamba, kwa sababu alikagua kila jani lililoota uani na hakupanda hata moja. Alilala kwenye sanduku la majani ya chai karibu na jiko, na nikirudi chuoni kusoma Kurani alikuwa akinijia mbio. Nilimpenda mno, sioni sababu ya kulizungukazunguka hilo.

Mama alikuwa mja mzito na siku zake zimekaribia, Bwana Shamba alipougua. Asubuhi nilimkuta amejikunyata kwenye pembe ya sanduku, masikio yamelala, tumbo limejaa na kukaza kama ngoma. Mchicha niliomwekea jana ulikuwa pale pale, umenyauka. Alikuwa akisaga meno, na chini yake pakavu, hapakuwa na kinyesi.

Bibi alikuja, akainama, akamtazama kwa muda.

"Mwache," akasema. "Usimguse."

"Anaumwa, Bibi."

"Najua anaumwa. Mnyama wa ndani hutangulia, mjukuu wangu. Balaa likija linamtafuta mtu, sasa likimkuta mnyama mlangoni linamchukua yeye. Wee ukimponya huyu, litakwenda kwa nani?"

Akageuza macho kumwelekea mama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele, tumbo limefika magotini. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilimtaka mdogo wangu azaliwe mzima, na nilimtaka Bwana Shamba apone, na bibi alikuwa amenionyesha kwamba siwezi kupata vyote viwili. Nikakaa chini nikalia.

Ni mama aliyenitoa pale. "Mpe maji, mwanangu," akasema bila kuinua macho kwenye ungo. "Maji hayana ubaya."

Nikachovya ncha ya kanga kwenye maji ya uvuguvugu, nikamkamulia pembeni mwa mdomo. Mengi yalimwagikia kifuani, machache akameza. Kisha nikaanza kumkanda tumbo kwa mafuta ya nazi, kama bibi alivyokuwa akinikanda mimi nikiumwa na mchango. Bibi alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi na kujifanya hanioni. Haikupita muda uzalendo ukamshinda.

"Siyo hivyo, utampasua! Anzia juu, shuka chini. Taratibu. Mkono wako mzito kama wa babu yako."

"Si umesema nisimguse?"

"Nimesema. Lakini kama unamgusa, mguse vizuri, mke mwenzangu."

Hata hivyo ilipofika alasiri hali ilikuwa mbaya. Alijinyoosha ubavu, pumzi zinamtoka fupi fupi. Nikajua anakufa, na kwa kuwa anakufa nikasema lililokuwa kooni tangu asubuhi.

"Bibi, na mimi si ulinitupa? Balaa langu lilikwenda kwa nani?"

Mkono wake ukasimama juu ya mbuzi. "Halikwenda kwa mtu. Lilipotea njia."

"Basi naye tumtupe. Lipotee njia."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Bibi hakucheka. Alimtazama mkwewe, akamtazama sungura, kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri, akavuta kipande cha gunia, akamfunga sungura na kwenda kumlaza jaani.

Mwokotaji lazima awe mtu baki, na yule aliyeniokota mimi alikuwa ameshahama. Bibi akamwita kupitia uani Mama Agata, jirani mgeni kutoka Songea, mkewe karani wa reli. Na kwa kuwa jambo lenyewe halitakiwi kutangazwa kwa sauti, alimwambia kwa mkato tu, "Pita pale jaani kwetu. Utakachokikuta okota, ni chako."

Mama Agata alipita. Akaokota. Akatushukuru kwa furaha kubwa.

"Mungu akubariki, bibi! Mie nilidhani nyie wa pwani hamna habari na nyama ya sungura."

Akaingia zake jikoni.

Nilipiga ukelele uliotoa kuku vichakani. Bibi alikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile, wala baada yake. "Wee Mama Agata! Acha! Huyo si kitoweo, huyo ni mtoto!"

Tulimkuta akipuliza moto, watoto wake kando, na Bwana Shamba kalazwa kwenye ungo. Ikabidi bibi aeleze yote, tena mbele ya watoto wa watu. Mama Agata alicheka mpaka akakaa chini kabisa, machozi yanamtoka. Alipomaliza, akamwinua mgonjwa kwa mikono miwili, akaja naye hadi mlangoni kwetu kwa adabu zote, akasema, "Hodi, jamani. Nimeokota takataka." Mama akampa bakuli la pumba. Bibi akatangaza kwamba Bwana Shamba hayupo tena, huyu anaitwa Jalala.

Tukaendelea kumkanda, mimi na bibi kwa zamu, na maji kidogo kidogo. Asubuhi nilipochungulia sandukuni nikaona vidonge vyeusi, vidogo kama pilipili manga.

"Bibi! Amekunya!"

"Alhamdulillahi," bibi akajibu kutoka ndani, kwa sauti nzito ya mtu aliyepokea habari za hujaji kurejea. Kabla ya adhuhuri Jalala alikuwa akitafuna jani la mchicha, polepole, kwa kiburi chake kile kile.

Mama alijifungua siku chache baadaye, mtoto wa kiume mwenye sauti ya kumfikia Mama Agata jikoni kwake. Wote wawili wazima.

Leo nina wajukuu, na wao wananiambia ni kukandwa na maji ndivyo vilivyomponya sungura. Huenda. Mimi mwenyewe nadhani hivyo siku nyingi, na siku nyingine sidhani, wala hainikoseshi usingizi. Ninachokifikiria ni bibi. Nilidhani alinikubalia kwa sababu nilimshinda kwa maneno, na kwa miaka nilijisifia. Nilipokuja kuwasubiri watoto wa watoto wangu wazaliwe ndipo nikaelewa. Yeye aliamini kila neno alilosema asubuhi ile. Alishazika wajukuu wawili, mwingine alikuwa njiani, na angeweza kuniambia ni sungura tu, nami ningenyamaza. Aliogopa kuliko mimi, lakini hakunituma mimi mtoto niende jaani. Alimbeba mwenyewe.