Engine ya Mombasa kwenye maji ya Naivasha: vile nusura nikose mume

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mama ya watu, nywele zimekuwa nyeupe zote, kwa hivyo sina haja ya kupamba kitu hapa. Nitawaambia vile ilikuwa, na wa kubisha abishane na walio kaburini.

Nimeona kijana mmoja hapa kwa forum anauliza anunue outboard, ile engine ya kufunga nyuma ya boti, ya horsepower ngapi ya kutembeza familia Lake Naivasha. Mmemjibu vizuri, lakini nyote mmeangalia urefu wa boti tu.

Mimi engine ndogo nusura ininyime mume.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya fifty, Emergency ya wakati wa Mau Mau ikielekea kuisha. Sisi ni Waislamu wa Nakuru town. Baba alikuwa na butchery, mtu mkubwa wa mwili, maneno machache. Salim alikuwa mekanika wa garage karibu na stesheni. Alikuwa ameniposa, na baba hakuwa amesema ndiyo wala la.

Alisema tu, "Nitamwangalia kwanza."

Sasa, ukoo wa Salim walikuja huku na reli kutoka Mombasa, na miaka yote hiyo walikuwa bado wanajiita watu wa bahari. Salim mwenyewe amezaliwa Nakuru. Bahari hakuwa ameiona hata siku moja. Lakini mguse hapo, utasimuliwa vyombo vya babu zake mpaka chai ipoe. Nilikuwa nampenda hivyo hivyo.

Kuna mzungu alikuwa anarudi kwao, akamwachia Salim boti ya mbao. Salim akaiziba, akaipaka rangi ya kijani, akamwambia baba, "Mzee, Jumapili nitawatembeza Naivasha, wewe na shangazi na Mwanaisha." Mwanaisha ni mimi.

Baba akakubali. Nyumbani kila mtu alijua hiyo ndiyo siku Salim ataangaliwa. Na baba hakujua kuogelea.

Turudi kwa engine. Salim alikuwa ameona moja ya horsepower kumi kwa duka la Mhindi, na roho yake ilikuwa hapo. Lakini ami yake Athumani, mkubwa wa ukoo aliyebaki Mombasa, akapanda treni kuja na engine ya horsepower tatu ndani ya gunia. Zawadi.

"Hii hunibebea watu sita Kilindini," ami akasema. "Ziwa ni nini mbele ya bahari?"

Na kwao kulikuwa na desturi: zawadi ya mkubwa haijaribiwi. Ukiijaribu kabla ya siku yake ni kama umemwambia humwamini. So engine ikakaa kwa gunia mpaka Jumapili. Nilimuuliza Salim kama ana uhakika, akanijibu, "Ami anajua maji."

Hapa nisimame kidogo. Huyu ni fundi ambaye kila siku alisikia madereva wakilia vile lori zinakosa pumzi zikipanda milima ya Mau. Hewa ya huku juu ni nyepesi, engine haishibi. Lakini ziwa watu huliona ni mahali pa chini. Hakuna mtu alikumbuka kwamba chini yetu ni juu sana kwa Mombasa.

Asubuhi maji yalikuwa yamelala. Tuliingilia pale siku hizi mnaita Kihoto, kwa sababu upande wa club ya wazungu hatungesogea. Baba akakaa katikati. Shangazi Zuhura akaingia na sufuria ya pilau, mkeka na birika. Ukimwalika shangazi umealika na jikoni yake, hilo pia hakuna aliyelipigia hesabu.

Tuliteleza vizuri. Ami alibaki ukingoni akitupungia mkono. Tuliona viboko kwa mbali, na baba hata akacheka.

Mchana upepo ukaamka. Wanaojua Naivasha wanaujua.

Salim akageuza boti turudi, upepo ukatupiga usoni. Engine ikalia kwa nguvu zake zote, maji yakaturukia, shangazi akaanza kusoma kila sura aliyohifadhi. Mimi nilikuwa nimekazia macho mgunga mmoja ukingoni. Baba pia.

"Kijana," baba akasema polepole, "ule mti tumekaa nao sana."

Salim akautazama ule mgunga. Nilimjua, nikajua anapigana na nini. Angelazimisha, kwa sababu mwanaume anaangaliwa. Angemtaja ami yake, na ingekuwa kweli. Roho yangu ilikuwa mdomoni, na si kwa sababu ya maji peke yake.

"Mzee, engine haitoshi," akasema. "Ni mimi nimeifunga bila kuijaribu. Nikilazimisha tutaingiza maji. Nageuza, upepo utupeleke ng'ambo, tungoje huko mpaka utulie. Utanikasirikia, lakini nyumbani utafika."

Baba alikuwa ameshika ukingo wa boti na mikono miwili.

"Geuza," akasema.

Tulitupwa kwa shamba la mzungu. Nyapara akaja na rungu, kumbe ni mtu ambaye baba alikuwa ananunua kondoo kwake. Rungu ikawekwa chini, mkeka ukatandikwa, tukala pilau pamoja. Niliona baba akimchagulia Salim kipande cha nyama. Mtu wa butchery hakuchagulii nyama ovyo, lakini sikuthubutu kufurahi mapema.

Jioni upepo ukalala, tukarudi. Ami alikuwa anatembea huku na huku, kofia mkononi. Hata kamba haijafungwa akauliza, "Vipi, engine ilitosha?"

Salim akainama kufunga kamba. Hakutaka kumuaibisha mbele ya watu.

Baba akashuka, akajipanguza mikono.

"Engine ni ndogo," akamwambia ami. "Kijana anatosha. Leteni wazee wenu tuongee."

Wakuu, nililia pale pale, na shangazi akanifinya ninyamaze.

Lesson ni hii. Usichukue kipimo cha pwani ukakileta Rift Valley, hata kama ni cha ami yako. Huku ongeza, lakini pia uangalie kama ubao wa nyuma wa boti utaibeba hiyo engine. Ijaribu na watu wote ndani, mashangazi na masufuria. Na uijaribu ukirudi na upepo wa mchana usoni, asubuhi kila engine ni shujaa. Sisi tulinunua ile ya kumi tukishaoana, na ikatutosha.

Haya, wenye boti Naivasha na Baringo, mnafunga ngapi? Na mliwahi kugeuza, ama mlilazimisha? Andikeni hapa, nitasoma zote.

Salim alishatangulia mbele ya haki. Leo hii akiniambia panda, ningepanda bila kuuliza engine ni ya ngapi.