Mto Ulipochukua Jiko la Jirani Yangu

Nilitoka Tanga nikiwa muuguzi mpya, nikapangiwa zahanati ya mji mdogo kando ya mto, upande wa Tumati, kwenye nyanda za juu zenye baridi. Sikuwa hata na sweta. Nyumba niliyopanga ilikuwa kwenye mwinuko. Chini yangu, karibu kabisa na maji, aliishi mama mmoja mjane, mkulima. Ndiye aliyenipa blanketi. "Baridi ya huku haina adabu, mwanangu," alisema.

Masika ya kwanza mvua ilinyesha milimani mchana kutwa. Alasiri mto uligeuka rangi ya udongo, ukaanza kunguruma. Nikashuka.

"Shikamoo, mama. Twende kwangu, maji yanapanda."

"Marahaba. Huu mto nimeukuta hapa nikiwa bibi harusi. Tunajuana."

Hata hivyo aliwafungua ng'ombe wake wawili, akanipa kamba ya mmoja. Hatujafika juu tukasikia kishindo. Jiko lilikuwa limekwenda, na mafiga na vyungu vyake vyote. Ukuta wa nyumba ulipasuka. Hakulia. Akaniuliza kama nina unga.

Alikaa kwangu karibu mwezi mzima, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Yeye ni Mkristo, lakini alikataa kula mchana mbele yangu. Jioni tulifuturu pamoja. Uji wangu wa pilipili manga aliuita uji wenye hasira. Mimi nikazoea ugali wake kwa maziwa mgando.

Jioni hizo ndipo nilipoujua mji ninaoishi. Alipoolewa hapakuwa na mji, palikuwa na mawe ya kuvukia tu. Waliopeleka ng'ombe mnadani walikaa ukingoni wakingoja maji yapungue. Mama mkwe wake akaanza kuwauzia uji. Akaja mshona viatu vya matairi, kisha mwenye duka. Kanisa na shule vilifuata, zahanati ikawa ya mwisho.

"Mji huu umeanzishwa na watu waliochelewa," alisema, akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimedhani mji huanzishwa na serikali.

Mvua zilipopungua, watu wa jumuiya yake kanisani walimjengea nyumba mpya juu, jirani na mimi. Nilibeba maji ya kukandia udongo hadi mabega yakafa ganzi. Usiku wa kwanza baada ya yeye kuhama, chumba changu kilikuwa kikubwa mno; nikafuturu haraka, nikalala.

Siku ya Idi alikuja na majirani wawili ambao hawakuwa wamewahi kuingia nyumba ya Mwislamu siku kama hiyo. Walikaa ukingoni mwa viti, wamevaa nguo za kanisani.

"Sasa tunafanya nini?" mmoja aliuliza.

"Mnakula," nikamjibu.

Wakala pilau, wakaongea mambo ya mahindi na watoto, na hawakuondoka mpaka ilipofika saa ya kukamua ng'ombe.