Sanduku la Bibi Harusi Lilivyovuka Muungano

Nyie vijana mnaosoma historia, mkafaulu, mkasahau, kaeni niwaambie habari za Muungano kama nilivyouona mimi niliyeishia darasa la tatu. Vitabu vyenu vinasema nchi mbili zilikumbatiana. Sawa. Unguja walikuwa wamefanya mapinduzi yao juzi tu, hata kufagia hawajamaliza, tukaambiwa sisi na wao ni kitu kimoja. Mimi sikuulizwa. Wakwe zangu wa Unguja nao hawakuulizwa. Wao wakabaki na rais wao na kisiwa chao. Sisi wa bara, kwa kuwa ndio wakubwa, tukapewa jina jipya la nchi na foleni. Kila mwaka tunakusanywa Mnazi Mmoja kuupigia makofi udugu wetu juani.

Udugu huo niliupima binti yangu mkubwa alipoolewa. Mchumba wake alikuwa kijana wa Unguja, fundi umeme, kapanga chumba Msimbazi. Ilikuwa miaka ile ya shida, maduka ya Kariakoo yana rafu safi kabisa, unaona mpaka ukuta. Kanga mpya ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Kwa hiyo tukawa tunalingoja sanduku la bibi harusi kutoka kwa wakwe. Kwa desturi yetu sanduku hulifungua wanawake wa upande wa binti, mbele ya watu, kitu kimoja kimoja. Bila sanduku hakuna harusi. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa somo wa binti, yaani kungwi wake, alikuwa ameshalisema hilo mara nyingi kuliko tulivyohitaji.

Nikaenda bandarini kuwapokea shangazi watatu wa bwana harusi. Nikawakuta wamesimama mbele ya mtu wa forodha, sanduku liko wazi. Limefunguliwa na mwanamume, tena mwenye kofia.

"Mizigo ya kutoka nje inalipiwa ushuru," anasema.

"Nje ya wapi, mwanangu?" akauliza shangazi mkubwa.

"Nje ya bara, mama."

"Kwani Unguja si Tanzania?"

"Ni Tanzania, mama. Lakini kanga zote hizi ni ulanguzi."

Nyuma yake ukutani palikuwa na bango la mikono miwili imeshikana. Niliuangalia mkono wa kulia nikawaza wa kushoto umeshikwa ili usikimbie.

Shangazi mkubwa akajifunika buibui vizuri. "Sisi kwetu tuliambiwa tumeoana na nyie," akamwambia. "Kumbe tumeolewa."

Yule kijana wa forodha akatazama huku na huku, maana kwa maneno kama hayo hata kuta zilikuwa na masikio. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama zangu, nguo ya mtu mwilini si mzigo." Kisha akatugeuzia mgongo akanywa chai yake.

Shangazi walimwelewa kuliko alivyojielewa. Wakaenda nyuma ya marobota ya katani wembamba, wakarudi wanene. Doti juu ya doti, gauni juu ya gauni, na shangazi mkubwa juu kabisa kajifunga kisutu, ile kanga ya harusi ambayo mtu wa kwanza kuivaa ni bibi harusi mwenyewe. Sabuni za kunukia na manukato havivaliki, vikabaki na serikali. Tukatembea mpaka Kariakoo na jua la saa saba, wakwe zangu wanavuja kama mitungi mipya.

Nyumbani wakavua, wakakunja, wakarudisha sandukuni. Mdogo wangu akafungua, akainusa kisutu, akaiweka chini.

"Hili ni sanduku au ni tenga la nguo chafu? Mtoto wetu havai nguo iliyovuliwa."

"Tumevuka bahari, tumebeba joto lote hili kwa ajili ya mtoto wenu," akajibu shangazi mkubwa, "leo tunanuka? Ndo nyie wa bara. Mnameza kisiwa kizima, kisha mnasema hakina chumvi."

"Nani kawameza? Sisi ndio tunaowalinda."

"Mnatulinda na nani?"

Mdogo wangu akajibu kwa kupaza sauti. Majirani wakaja kuchungulia, na shangazi wakaanza kufunga sanduku lao. Bwana harusi alisimama mlangoni kama nguzo ya umeme, hana faida kwa mtu. Binti yangu alikuwa chumbani, hina haijakauka miguuni, anasikia ndoa yake inavyovunjwa na watu ambao hawakuwahi kuitawala nchi yoyote.

Akaita kutoka ndani, "Mwambieni mama mdogo mimi naolewa na mtu, siolewi na kanga."

Basi nikaingia chumbani kwangu, nikatoa mche wa sabuni niliokuwa nimeuficha, wa mwisho nyumbani mle. Nikaukata vipande viwili. Kimoja nikampa shangazi mkubwa, cha pili mdogo wangu. Nikaliweka beseni katikati ya ua, nikawaambia wote, wenyeji na wageni:

"Kaeni hapo mfue. Mmoja asugue, mwingine asuuze, na mnaanza na kisutu. Zikikauka zifukizwe udi, zirudi sandukuni, na kesho asubuhi sanduku lifunguliwe mbele ya watu kama ambalo halijawahi kufunguliwa. Na ndani ya nyumba hii nisilisikie neno Muungano mpaka mwanangu awe ameolewa."