Kisu Nilichokizima kwa Maji

Mawese yakiungua kwenye sufuria, wenzangu hukimbilia kufungua dirisha. Mimi husimama palepale, na hasira hunipanda upya.

Baba yangu alikuwa akifua visu nyuma ya nyumba yetu huko Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Chuma chake kilikuwa springi za malori yaliyofia njia ya Mpondwe, na moto wake ulipulizwa na feni iliyoendeshwa kwa gurudumu la baiskeli. Gurudumu hilo nililizungusha mimi. Kaka yangu Baluku alizungusha pia, siku alizojisikia. Mama alinitania kwamba nitaolewa na nyundo, nami sikuona ubaya wowote.

Jambo moja tu hatukuruhusiwa kuliona. Kisu kikishaiva moto, tayari kuzimwa, yaani kutumbukizwa katika maji au mafuta ili kiwe kigumu, baba alitutoa nje na kufunga mlango. Ndivyo walivyofanya mafundi wa kwetu. Ndani mlikuwa na ndoo ya maji, kopo la oili chafu ya gari na sufuria ya mawese ya Kongo. Alikizimia katika kipi, alijua yeye na Mungu wake.

Likizo moja alitupa kila mmoja kipande cha springi. Alisema kisu kitakachokata mfupa wa ng'ombe bila kumeguka, mwenye kisu hicho angeingia ndani ya mlango ule na kufundishwa kazi. Lo! Nilipiga tupa mpaka vidole vikavimba. Cha Baluku kilikuwa na kibiongo, jamani, hata kuku wangekicheka.

Siku ya kuzima, baba alivileta vyombo vyote vitatu uani. Zamu yangu ilipofika, nilimuuliza, "Baba, nikitie mu nini?"

"Tia mu maji, mutoto yangu. Maji ya baridi ndiyo inakazaka chuma."

Nilikitia. Kililia *ti!*, sauti nyembamba tu, na ufa ukapita kutoka kwenye makali hadi mgongoni. Baba alinishika bega kwa upole. "Usilie. Mukono yako haikuumbiwa hii kazi." Nilikimbilia jikoni kwa mama, kwa hiyo sikuona Baluku alivyozima chake. Nilisikia tu shangwe mfupa ulipokatika. Tangu hapo, kikombe kikivunjika, chungu kikiungua, niliulaumu mkono wangu.

Mwaka jana nilimtembelea Baluku kwenye karakana yake Kasese. Alikuwa akipasha mawese joto taratibu, nikamuuliza kwa nini asitumie maji, yasiyo na gharama. Akacheka.

"Springi hapana, dada. Mu maji baridi inapasuka. Baba alinionyesha mawese kabla ya ile siku ya visu yetu. Haukujua?"

Sikujua. Baba angeweza kuniambia kwamba kwa mafundi wa kwetu msichana hashiki nyundo. Ningelia, ningenuna, halafu tungekula pamoja. Badala yake alinipa maji kwa mkono wake, akanifariji kwa mkono huohuo, na mimi nikampenda zaidi kwa upole wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa yuko kaburini, na kaburi huwezi kuligombeza.

Nilimwomba Baluku kipande cha springi. Nikakifua, nikakichoma mpaka kikawa chekundu, nikakizima ndani ya mawese. Moshi ulinijaa machoni. Kilitoka kizima, na mfupa kikaukata.

Baluku alipiga makofi. Mimi niliutazama mkono wangu, nikalia kwa uchungu. Haukuwahi kuwa na kosa, na baba alijua.