Mti wa Viatu Njiani Kwenda Buffalo

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho kabisa, bila hata bia moja tumboni. Ilikuwa majira ya baridi ya 2015. Nilikuwa nimehitimu shule ya usiku pale Louisville, nikajinunulia viatu vyeusi vya sherehe, vinavyong'aa hadi ndege angeweza kujitazama humo. Nikavivaa safarini ili mama avione. Mke wangu Esperansi alikuwa na mimba ya miezi minane. Tuliondoka mtaani kwetu Newburg, hapo hapo Louisville, kwenda Buffalo ajifungulie karibu na mama yangu.

Columbus tulikula ugali kwa rafiki. Mbele ya hapo theluji ikamwagika kama mtu kapasua magodoro yote ya Marekani. Giza likiingia, nikauona mti kando ya barabara umejaa viatu: raba, buti, hadi vya watoto, vimening'inizwa kwa kamba zake. Wenyeji wana desturi hiyo. Kiatu kikizeeka wanakitundika mtini. Ningejuaje mimi, niliyekulia kambini Tanzania, ambako jozi moja tulivaa ndugu watatu kwa zamu? Nikadhani ni msaada. Mama hukusanya viatu vya kuwatumia jamaa waliobaki kambini, basi nikasimamisha gari, nikashusha jozi ya buti.

"Ukichukua, acha."

Kugeuka, mzee wa Kizungu, mrefu kama nguzo ya umeme, miguu mitupu kwenye theluji. Na Kiswahili chake cha Kigoma kabisa! Niamini.

"Shikamoo, mzee. Niache nini?"

"Marahaba. Ulivyovaa."

"Hivi vya sherehe? Si tuzungumze kwanza?"

"Vua."

Hakuwa na hasira, lakini mikono yangu ilianza kufungua kamba bila ruhusa yangu. Vidole vimeganda, fundo limegoma. Esperansi akapiga honi, akateremsha kioo.

"We mwanaume! Unaongea na nani? Unataka nizalie barabarani?"

"Si huyu mzee!"

"Mzee gani? Hebu panda gari!"

Nikatundika viatu vyangu, nikavaa buti. Nikageuka kuaga. Hayupo. Pale aliposimama, theluji laini, haina hata unyayo.

Hatukwenda mbali. Darajani malori mawili yalikuwa yamegongana, yamelala yakaziba njia yote, magurudumu bado yanazunguka. Bado yanazunguka, unanielewa? Esperansi akashika tumbo, akaanza kusali kwa Kirundi. Mimi nililia kama bomba lililopasuka.

Binti yetu alizaliwa Buffalo, salama salimini, nasi tukahamia huko huko. Buti ninazo, mama hakuzidai. Tangu siku ile nyayo zangu hazijui baridi: natoa takataka pekupeku kwenye theluji, majirani zangu wa mtaa wa West Side wananipiga picha. Kila mwaka nakwenda kutundika jozi nzuri, namshukuru mzee kwa sauti, magari yakinishangaa.

Nawe ukiuona mti wa namna hiyo, usichukue bila kuacha. Na mtu akikuchelewesha njiani, usimpigie honi. Esperansi alipiga, na mpaka leo hapiti chini ya mti bila kusema, "Samahani, mzee."