Nilimwambia Mkwe Wangu Ni Setingi, Nikijua Ni Mafuta Yake

Mimi ni mwongo, niiteni hivyo hivyo. Jina langu silitaji, ingawa Lushoto ni ndogo na watu wa sokoni wakisoma hapa watanijua hata bila jina. Wacha wanijue! Kosa nililifanya mwenyewe kwa akili zangu timamu, hakuna shetani aliyenishika mkono.

Na msinionee huruma. Naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu na juu ya hii heshima yetu tunayojisifia, kumbe mara nyingine ni woga mtupu.

Nilikuwa fundi redio. Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa, vitu vinamiminika kutoka Dubai na Ulaya, televisheni, video, madishi, kila kimoja na vitufe vyake na hakuna anayejua kinafanyaje kazi. Fundi ukikwama, unamwambia mteja, "Ni setingi." Basi! Mteja anaitikia kwa kichwa na kukuona msomi. Neno hilo limenilisha miaka mingi.

Nilikuwa nimemposa Hadija, na kwao walishanikubali. Baba yake alikuwa dereva wa treni kwenye reli ya Tanga kwenda Moshi, maisha yake yote, mpaka walipoanza kupunguza wafanyakazi naye akapunguzwa. Akarudi mlimani na koti lake na kofia yake ya kazi, akaanza kulima kabichi. Alizichukia kabichi zile jamani! Shamba lake liko ukingoni, unaona mpaka tambarare kule chini reli inakopita. Hadija aliniambia baba yake husimama na jembe mkononi akitazama huko, halafu anainama tena.

Sasa hapo mjini kulikuwa na mama mmoja wa Kijerumani, mwenye nyumba ya wageni. Sote tulimwita Mama Rosa. Kaka yake alifariki huko kwao akamwachia treni za kuchezea. Msicheke! Hizi si zile za plastiki za kuvuta kwa kamba. Zilikuwa na mabehewa yenye viti na taa, zinakimbia kwa umeme, na moja ilikuwa injini nyeusi ambayo marehemu kaka yake aliipenda kuliko zote.

Mama Rosa akatengeneza meza chumba kizima, akamwita baba Hadija. Mzee akajenga milima ya Usambara kwa magazeti na gundi, akaweka stesheni ya Korogwe, akaweka na ya Mombo. Akavaa kofia yake. Wageni wakawa wanapanda huku juu kuja kumwona akiendesha, na mtaani watu wakaanza tena kumwita Dereva. Mzee alinenepa, nawaambia kweli. Alirudi kuwa mtu.

Fundi wa mitambo hiyo nikawa mimi. Niwaeleze kidogo ili mnihukumu vizuri. Umeme unapita kwenye reli, unaingia kwa magurudumu, na tumboni mwa kila injini kuna kadi ndogo, wenyewe wanaiita dikoda. Hiyo ndiyo inayopokea amri kutoka kwenye kisanduku cha vitufe. Kila injini ina namba yake, ukibonyeza namba hiyo inakuitikia hiyo peke yake. Tena unaweza kuipangia ianze na nguvu kiasi gani, na ichanganye mwendo polepole au kwa haraka.

Mzee alitaka ianze polepole kabisa, kama treni ya kweli yenye mzigo. Nikampangia hivyo. Siku hiyo alinishika bega akaniambia, "Fundi, hii sasa ni treni." Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njia nzima.

Baadaye matatizo yakaanza. Injini inasimama ghafla, taa zinapepesa, inatetemeka, inakwenda, inasimama tena. Nikaitwa. Nikampa Mzee shikamoo yake, nikapitisha kidole relini. Kikateleza! Nikakinusa. Mafuta ya cherehani.

"Nimezipaka kidogo," Mzee akasema kwa furaha. "Yale ya mashine ya mama Hadija. Chuma kikavu kinalia, mwanangu. Sisi kule kazini bila mafuta hutoki stesheni."

Nilijua papo hapo! Mafuta yanashika vumbi, yanakuwa utando mweusi juu ya reli, umeme haupiti, na dikoda inazimika na kuwaka kama taa siku za mgao wa umeme. Ugonjwa wote ulikuwa pale kwenye kidole changu. Na mfukoni nilikuwa na kitambaa, na kwenye mkoba nilikuwa na spiriti.

Sasa nimwambie mkwe wangu kwamba ameharibu yeye? Mtu aliyeendesha treni za kweli tangu mimi sijazaliwa? Kwetu hata kumkazia macho mkwe ni taabu. Nikakifuta kidole kwenye suruali, nikasema, "Ni setingi, Baba."

"Setingi?"

"Ndiyo. Mambo ya ndani ya injini. Nitarekebisha."

Akashusha pumzi. Mpumbavu mimi, nilijiona nimefanya adabu!

Alipotoka nikazifuta reli kimyakimya, treni ikaenda vizuri. Kumbe kesho yake asubuhi Mzee, kwa kuwa anaipenda kazi yake, kazipaka mafuta tena. Nikaitwa tena, nikafuta tena kwa siri, naye akapaka tena. Nikachoka. Badala ya kufungua mdomo, nikafungua setingi kweli. Nikaongeza nguvu ya kuanzia, nikaondoa ule mwendo wa polepole alioupenda, ili injini ikipata umeme hata kidogo iruke ivuke uchafu.

Mzee akaliona hilo upesi. "Fundi, mbona siku hizi inashtuka?"

"Utaizoea, Baba. Ikisimama, wewe ongeza tu."

Ongeza tu! Maneno hayo yanaungua kinywani mwangu mpaka leo. Injini imekwama kwenye utando, mtu anaongeza mwendo, anaongeza, kisanduku kinaendelea kutuma amri ya kukimbia. Siku umeme ukipita, injini itafanya nini? Mimi fundi nilijua itafanya nini.

Mzee akawaalika wenzake. Madereva na makondakta wa zamani, waliopunguzwa pamoja naye, wakatoka Korogwe na Tanga, wakapanda mpaka Lushoto kuja kumwona mwenzao aliyepata tena treni. Walikuja wamevaa makoti yao ya kazi, yamepauka mabegani. "Onga mshi!" wanasalimiana mlangoni, wanacheka kwa Kishambaa, wanapigana viganja. Mmoja aliitazama ile stesheni ya Mombo ya magazeti akatoa kitambaa akafuta macho. Mama Rosa akawaletea chai. Hadija alikuwapo, amesimama nyuma ya baba yake, nami pembeni ya meza.

Mzee akasema leo anaendesha ile nyeusi. Mama Rosa akakubali.

Ikatoka Korogwe vizuri. Ikafika Mombo, ikasimama. Wenzake wakadhani imesimama stesheni kwa taratibu, wakapiga makofi. Mzee akanitazama. Mimi nikatazama chini. Akaongeza. Haikwenda. Akaongeza tena, kama alivyofundishwa na fundi wake.

Halafu ikaruka! Ikaingia kwenye kona na mwendo wote, ikatoka relini, ikatoka mezani, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji na mabehewa yake nyuma. Gurudumu moja likabingirika mpaka kwenye kiatu changu.

Mama Rosa alipiga magoti akaikusanya kwenye aproni yake. Alikuwa analia. Injini ile kwake ilikuwa kama sauti ya kaka yake ndani ya nyumba. Akaniuliza, "Fundi, imekuwaje?"

Chumba kizima kikanigeukia. Mungu alinipa nafasi nyingine pale pale, ya bure! Nami nikajibu, "Mzee ameongeza mwendo kupita kiasi."

Mmoja wa wale wageni wake akasema kwa utani, "Ah, Dereva! Umetupindulia treni!" Wawili watatu wakacheka kidogo.

Baba Hadija hakunitaja. Hakusema "Huyu ndiye aliyeniambia niongeze." Alivua kofia, akaiweka juu ya meza pale kwenye stesheni ya Mombo, akamwambia Mama Rosa pole, akatoka. Hakurudi tena chumba kile.

Mama Rosa akaamua kuzifungasha zote. Nikaitwa kung'oa nyaya. Nikiwa peke yangu nikazifuta reli kwa spiriti, nikarudisha setingi zote kama Mzee alivyozipenda, nikaweka injini nyingine, ndogo ya kijani. Ilitoka stesheni polepole, ikapanda milima, ikazunguka na kuzunguka bila kusita hata mara moja. Nilitamani kupiga meza ile ngumi! Nilizima nikaendelea kung'oa.

Hadija akaja dukani kwangu. Alikuwa ameshaona mwenyewe ile chupa ya mafuta, ameshaunganisha mambo.

"Ulijua ni mafuta?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Hadija, ningemwambiaje mkwe wangu?"

"Kwa mdomo!" akafoka, mpaka muuza viazi wa jirani akageuka. "Kwa mdomo huo huo uliomsemea mbele ya wenzake! Pale heshima yako ilikuwa wapi?"

Alikataa kuolewa na mimi, na baba yake hakumlazimisha.

Mwishowe nilikwenda shambani. Nilimkuta anapalilia kabichi. Nikasema shikamoo, akasema marahaba kama kawaida yake, bila chuki yoyote. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kwenye matuta, mafuta, setingi, lile neno langu la mbele ya watu. Nilitaka anitukane. Nilitaka anirushie jembe!

Alifikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo zilitaka kufutwa tu?"

"Ndiyo, Baba."

"Ungeniambia, ningefuta."

Akainama akaendelea kupalilia.

Wasomaji, nimeandika kwa ajili ya neno hilo. Angefuta! Mzee yule hakuwa na shida ya kuambiwa. Aliyekuwa na shida ni mimi. Mafundi, acheni kudanganya watu kwa setingi zenu, kitu kikiwa kichafu semeni ni kichafu. Na nyinyi mnaonyamaza mbele ya wakwe na wakubwa wenu mkijiita wenye adabu, mwambieni mtu kosa lake mapema, mkiwa wawili, kabla hajaliona mbele za watu. Mnaweza kutoa shikamoo kwanza, halafu mkasema.

Hadija aliolewa Bungu, nasikia ana watoto. Baba yake bado analima. Kofia yake aliiacha kwa Mama Rosa hakuifuata, nami nikipita barabara ya kule kwenye mashamba hunijibu salamu vizuri tu, ila haniiti tena mwanangu.