Muujiza wa Unga, Mangateen

Nilirudi Juba mwezi uliopita, na Jumapili ya kwanza nikaenda kanisani Mangateen. Nisikudanganye, sikusukumwa na imani. Sikujua tu mahali pengine pa kuwapata watu wa zamani. Mchungaji kijana, ambaye enzi zetu hakuwepo, alihubiri habari za muujiza wa unga. Eti mwaka ule bunduki zilipolia mjini na watoto wakakosa chakula, mama mmoja wa maombi alifungua mlango asubuhi akakuta unga kizingitini, umeletwa na mkono wa Bwana. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa pale nikisaga meno. Huyo mama wa maombi alikuwa nyanya yangu, na mkono ulioleta unga ule naujua vizuri: ulikuwa na makovu ya mafuta ya chapati mpaka kwenye kiwiko.

Ngoja nikusimulie ilivyokuwa, maana nikinyamaza nitapasuka.

Tulikaa nyuma ya kanisa hilohilo, mimi na nyanya, ambaye mtaa mzima ulimwita haboba, kama nyanya wanavyoitwa hapa Juba. Ndiye aliyewaongoza akina mama wa kanisa. Alisali kabla ya kuwasha jiko, kabla ya kupanda boda kwenda sokoni Konyo Konyo, hata kabla ya kukoga. Ukimpelekea chumvi alimshukuru Mungu kwanza, wewe baadaye, na mara nyingine wewe ulisahauliwa kabisa. Ng'ambo ya ua wetu wa mianzi alikaa jirani, mama wa Kiganda aliyepika chapati getini kwake. Nikikumbuka utoto, kwanza nasikia viganja vyake vikipiga donge alfajiri, kisha harufu ya mafuta inavuka ua na kutukuta bado tuna tongotongo. Mtoto wake wa pekee alikuwa amezikwa hapa Juba. Tangu mazishi hayo hakukanyaga kanisa tena, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya yeyote.

Vita vilipofika mjini, Waganda wengi walikimbilia kwao kwa mabasi, kisha barabara ya Nimule iendayo Uganda ikafungwa na malori ya chakula yakakoma. Jirani alibaki. Alisema hawezi kuliacha kaburi peke yake.

Kanisa likaanza kuwapikia watoto uji wa mahindi, sufuria moja kubwa, msimamizi haboba. Kazi yangu ilikuwa kuosha vikombe. Kulikuwa na sharti moja: kila mtoto kabla ya kupokea uji aseme mstari wa maandiko kwa kichwa. Usiharakishe kumhukumu haboba. Aliamini kwamba uji utaisha tumboni kabla ya jua kuzama, lakini mstari utabaki. Sisi wajanja tulishika ule mfupi kuliko yote tukaurudia kila siku, naye akajifanya hasikii. Aliyeshindwa alipelekwa mwisho wa foleni, ajifunze kwa wenzake.

Siku moja akaja msichana mdogo kutoka kwenye mahema ya watu waliokimbia vijiji vyao. Hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Akapelekwa nyuma, akasubiri, na zamu yake ilipofika mwiko ukakwangua chuma kitupu. Aliondoka na kikombe chake kikavu bila kulia. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba hakulia, kama mtu aliyezoea. Haboba alitaka kumwita, lakini hakujua amwite kwa lugha gani.

Jirani aliona yote kutoka getini kwake. Akavuka, mikono ingali na unga.

"Jaja," akasema, maana kwao ndivyo wanavyomwita nyanya, "mimi siko na shida na Mungu wako. Mimi iko na shida na hii kikombe."

Haboba akamjibu kwamba kula bila kushukuru ni wizi.

"Sasa huyu mutoto ashukuru nini, na hajakula?"

Wakanuniana. Asubuhi mmoja alifagia upande wake wa ua, mwingine upande wake, bila salamu. Halafu unga wa kanisa ukaisha, na haboba akafunga kula akisali, nami nikawa nafunga bila kupenda. Jirani alikuwa ameficha magunia mawili ya unga wa ngano akingojea soko lifunguke. Huo ndio uliokuwa mtaji wake, hakuwa na mwingine. Asubuhi moja alisimama mlangoni kwetu na gunia begani.

"Jaja, unga iko. Lakini hakuna mutoto ataulizwa kitu. Na maombi juu ya sufuria, hapana."

Haboba aliketi juu ya jerikeni. Sijawahi kumwona mtu akiteseka namna ile kwa kufikiri. Kwake, kuwalisha watoto chakula kisichoombewa kulikuwa kuwaingiza hatarini, na watoto wenyewe tayari walikuwa wamejipanga uani na vikombe vyao. Nilitamani kumpigia kelele.

"Kalas, basi," akasema mwishowe. "Lete."

Uji wa ngano ulinata, haukuwa na sukari, nasi tukanuna vizuri tu huku tunakunywa. Haboba alikoroga amempa jirani mgongo. Lakini midomo yake ilikuwa inacheza.

"Jaja, midomo," jirani akasema.

"Malesh," haboba akaomba radhi, "napuliza moto."

Moto ulikuwa unawaka sawasawa. Jirani akageukia barabarani, na nilimwona akiuma mdomo asicheke. Hivyo ndivyo walivyotupikia kila asubuhi, mmoja akipuliza moto usiohitaji kupulizwa, mwingine akitazama barabara isiyokuwa na mtu. Msichana wa mahema alikaa mbele ya foleni, kwa kuwa jirani ndiye aliyemweka pale na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Unga ulipokwisha, jirani hakuwa na biashara tena. Barabara ilipofunguliwa alipanda lori akaenda zake, sisi tukiwa kwenye foleni ya maji. Haboba akawa anawaambia watu kwamba Mungu alituletea unga, jinsi alivyosema kuhusu mvua na chumvi. Waliomjua walielewa. Waliokuja baadaye wakaamini neno kwa neno. Namkasirikia haboba kwa hilo, na amelala kaburini huko Uganda alikokimbilia baadaye, siwezi kugombana naye. Mwanamke alitoa mtaji wake wote kwa sababu aliona kikombe kikavu, hakutegemea thawabu ya mbinguni, nasi tukampokonya hata sifa hiyo.

Basi wakati wa ushuhuda ulipofika nilishika maiki, nikaeleza yote. Wakaitikia amina. Mchungaji akatabasamu: "Mnaona, ndugu zangu? Mungu anaweza kumtumia hata asiyeamini." Makofi tena. Nikamwambia hakutumwa na mtu, alikuja mwenyewe. Akacheka kwa upole, kicheko cha mtu mwenye uhakika, na hapo nikazidi kukasirika, kwa sababu mimi uhakika huo sina. Kuna siku nasali, na kuna siku naona najisemea peke yangu.

Kisha akaniuliza, na najua aliuliza kwa moyo safi, "Dada, jina lake nani, tumwombee?"

Nikafungua mdomo. Hapa mama huitwa kwa jina la mtoto wake, na baada ya mazishi yeye alikataza mtu yeyote kumwita hivyo tena. Jina lake mwenyewe hatukuuliza. Palipokuwa na geti lake leo pana stoo ya saruji. Niliwatazama wale wazee wachache waliokunywa uji ule pamoja na watoto wao, nao wakatazama chini.

Wakamwombea hivyohivyo, mama fulani wa Uganda. Niliitikia amina pamoja nao, kwa hasira, maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Najua angenigombeza.